Jiwe la Msingi la Mheshimiwa Lusweti

Usiku wa kuamkia posa ya mpwa wake, Ignasio Lusweti aliota kwamba ameitwa bungeni kujibu swali moja tu, kisha aende zake. Hakushangaa. Mwaka huo alikuwa amejibu maswali ya wapelelezi, ya mawakili, ya hakimu, ya watangazaji wa redio, hata ya kinyozi wake, na swali moja zaidi halingemuua. Alivaa suti angali amelala, maana ndotoni hilo linawezekana, na mara akajikuta mlangoni mwa Bunge la Kaunti.

Tukumbushane kidogo, kwa ajili ya wale ambao hawakuwa na redio. Lusweti alikuwa mwakilishi wa Wadi ya Mukhuyu. Alichaguliwa, akachaguliwa tena, na alipochaguliwa tena akaahidi daraja la mto Namusala. Jiwe la msingi lilichongwa hata kabla ya mchoro wa daraja kuwepo, jina lake likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko herufi za neno daraja. Watu walipiga vigelegele, mchungaji akaomba, na baada ya hapo daraja likaliwa. Kampuni ya rafiki yake ililipwa kabla ya nguzo hata moja kusimama, naye akasimama bungeni akasema kazi imekamilika. Mahakama ilimtia hatiani, kiti chake kikatangazwa kuwa wazi, na akakatazwa kugombea tena. Gari lake lenye vioo vyeusi lilichukuliwa mchana, majirani wakitazama na vikombe vyao vya chai mkononi.

Yote hayo angeyameza. Kilichomkaba koo ni dada yake. Namalwa ndiye aliyemlea, na tangu siku ya hukumu hakuwa amemwambia hata neno moja. Na sasa Rispa, binti wa Namalwa, anaposwa. Katika ukoo wao wageni hawafungui mdomo kuhusu mahari mpaka mjomba wa binti awe ameketi kwenye kiti chake, na mjomba ni huyu huyu Lusweti, wa akiba hakuna. Rispa alimpigia simu jioni. "Mjomba," alisema, "Mama hajasema uje. Lakini pia hajasema usije." Lusweti alilala na maneno hayo, na ni maneno magumu kulala nayo.

Turudi ndotoni.

Mlangoni, Sajenti wa Bunge, mwenye glavu nyeupe, anamzuia kwa siwa, rungu la Bunge. "Inamia kiti, Mheshimiwa."

Ndiyo desturi. Mjumbe akiingia huinama kidogo kuelekea kiti cha Spika, kisha huinuka akaenda kukaa. Lusweti anainama. Anataka kuinuka, lakini mgongo unakataa.

"Bado hujaruhusiwa," Sajenti anamwambia.

"Nani wa kuniruhusu?"

"Spika."

"Spika yuko wapi?"

"Anakunywa chai."

Basi anaingia hivyo hivyo, amejikunja, macho kwenye zulia. Miaka yote aliyokaa humo hakuwahi kulitazama zulia lile. Lina doa la soda karibu na kiti chake cha zamani, na anajua aliyeimwaga. Wenzake anawatambua kwa viatu. Vile vyekundu vyenye ncha ni vya Mheshimiwa Petronila Chemutai, mwenyekiti wa kamati iliyokwenda kulikagua daraja, ikaishia hotelini, na kutoka hotelini ikaliona vizuri sana.

"Pole na safari, Mheshimiwa," viatu vinamsalimia.

Lusweti anageuza shingo kwa shida aone uso wa Petronila. Hakuna uso. Hakuna hata miguu. Viatu vimekaa peke yake kitini. Anatazama safu nzima: viatu vya ngozi, viatu vya kitambaa, raba za yule mheshimiwa kijana, vyote vimekaa kwa adabu, na ndani yake hamna mtu.

"Wenyewe wako wapi?" anauliza.

"Wana shughuli," vinajibu viatu vyekundu. "Siku za kupiga kura wanatutuma sisi. Usijali, akidi imetimia."

Hilo pia halikumshangaza. Alikumbuka kwamba hata yeye alikuwa na siku kama hizo nyingi, na akajisikia amechoka ghafla, uchovu wa mtu aliyerudi kwenye kazi ambayo hakuwahi kuifanya.

Spika anaingia. Ni viatu vyeusi, vikubwa, vimepakwa rangi mpaka vinang'aa, na vinapanda ngazi ya kiti taratibu kwa sababu ya umri. Vinaketi. Vinakohoa.

"Mheshimiwa Lusweti, swali lako ni hili. Daraja liko wapi?"

Hapo angeweza kusema ukweli. Mdomo wake lakini una mazoea yake, nao haukumngoja. "Mheshimiwa Spika," ulisema, "Bunge hili tukufu liliazimia kwamba daraja la Namusala limekamilika. Naliomba Bunge liheshimu azimio lake."

Viatu vyote vinapiga sakafu kwa furaha. Vumbi la zulia linampanda puani.

"Hoja nzuri," Spika anasema. "Ila kuna shahidi."

Mlango unafunguka na sauti ya kitu kizito kinachojikokota inasikika. Sajenti anapaza sauti kwamba kuna mgeni ndani ya Bunge. Ni jiwe la msingi. Limekuja lenyewe kutoka mtoni, lina matope pembeni, lina mikwaruzo ya watu kunolea panga, na juu yake amesimama mbuzi mweupe ambaye haonekani kuwa na haraka yoyote.

Jiwe linatakiwa kula kiapo. Halina mkono wa kuinua. Viatu vinanong'onezana kuhusu kanuni, mpaka mbuzi anainua mguu wa mbele kwa niaba yake, na Karani anaandika kwamba shahidi ameapishwa.

"Jina lako?"

"Ignasio Lusweti," jiwe linajibu.

"Lusweti ni mimi," Lusweti anasema kutoka pale alipoinama.

"Basi tuko wawili," linasema jiwe. Sauti yake ni ya mtu aliyengoja gari kituoni tangu asubuhi na ameacha kukasirika. "Jina limeandikwa kifuani pangu, mwenye macho asome. Tofauti ni kwamba wewe uliondoka baada ya makofi. Mimi nilibaki."

"Lieleze Bunge kazi yako," Spika anasema.

"Kazi yangu ni kukaliwa, Mheshimiwa Spika. Niliambiwa nikae pale ukingoni, daraja litakuja juu yangu. Nikakaa. Mvua zikaja. Siku moja mwalimu alinikalia akavua viatu, akakunja suruali, akavuka. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo. Tangu hapo mimi ni mahali pa kuvulia viatu. Watu wa ng'ambo ile wote wamenikalia. Mjamzito aliyebebwa kwa machela walimpumzisha juu yangu, wakisubiri maji yapungue. Hawa mlionao hapa," jiwe linasema, na ni wazi linavisema viatu vya waheshimiwa, "sijawahi kuwaona."

Viatu vinatazamana. Raba za yule kijana zinajificha chini ya kiti.

"Kuna mtoto mmoja alikuwa akipita kila asubuhi kwenda shule," jiwe linaendelea. "Rispa. Nilimwona ng'ambo ile akifunga viatu vyake kwa kamba na kuvivaa shingoni. Mara nyingine alivuka, mara nyingine mto ulikuwa umejaa akarudi nyumbani. Na kuna mama yake."

Lusweti anasema, kwa sauti ya chini, kwamba shahidi anatoka nje ya swali.

"Mama yake hanikalii," linasema jiwe. "Wengine wote wananikalia, yeye hapana. Anainama, anachukua ncha ya leso, anafuta mavi ya mbuzi kwenye jina. Anasema ni jina la mdogo wake na watoto hawana adabu. Wenzake wanamcheka, wanamuuliza hilo daraja analolifuta liko wapi. Yeye anafuta tu. Amefanya hivyo miaka yote, Mheshimiwa Spika, mpaka siku ya hukumu. Siku hiyo alikuja na redio ndogo, akaisikiliza mpaka mwisho, akaizima. Kisha akanikalia. Alikaa juu ya jina mpaka ng'ombe walipoanza kurudi."

Lusweti aliumia. Alikuwa amesikiliza mashahidi mahakamani siku baada ya siku, wengine wakilia, wengine wakimnyooshea kidole, na hakuna aliyemgusa namna hiyo. Alitamani afunike uso, lakini mikono ilikuwa imeshika magoti ili asianguke.

Spika anagonga kisigino. "Tumesikia. Hoja iliyo mbele yetu ni kwamba daraja lipo. Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyoooo!" viatu vinasema.

"Wasioafiki waseme la."

"Mee," anasema mbuzi.

"Mbuzi aliapa kwa niaba ya mwingine, hana kura yake," Spika anaamua. "Walioafiki wameshinda. Daraja lipo. Na kwa kuwa lipo, Bunge sasa litakwenda kulivuka."

Zulia linakuwa nyasi. Hakuna aliyelikunja, limebadilika tu, na doa la soda limekuwa kidimbwi cha maji ya mvua. Lusweti yuko ukingoni mwa mto Namusala, jua la asubuhi limetoka, mto umejaa maji ya udongo. Ng'ambo anaona moshi wa jiko la dada yake na hema la wageni. Chini ya hema viti vimepangwa, na kimoja kimewekwa mbele peke yake, kina kitambaa.

Anakijua kile kiti. Anataka kuuliza kimewekewa nani, lakini hakuna wa kumuuliza.

Viatu vinajipanga mstari kwa kufuata itifaki, vya Spika mbele. Juu ya maji hakuna kitu. Viatu vya Spika vinasema "Ndiyo," vinakanyaga hewa, na hewa inavibeba. Vinasema "Ndiyo" tena, vinasogea. Viatu vyekundu vinafuata. Muda si muda Bunge lote liko juu ya mto, linatembea ko, ko, ko, na kila hatua na ndiyo yake. Ni daraja zuri, lazima tuseme ukweli. Halitikisiki hata kidogo.

"Njoo, Mheshimiwa!" viatu vyekundu vinamwita. "Ni daraja lako!"

Lusweti anasema "Ndiyo" na kukanyaga. Linambeba. "Ndiyo." Linambeba tena. Lakini yeye ameinama, na aliyeinama hana pa kutazama ila chini. Chini yake, katikati ya maji, anaona mtoto wa kike akivuka na viatu shingoni, mikono juu, maji yamefika kwapani. Mtoto hamtazami. Anatazama ng'ambo, ameuma midomo, anatafuta mawe kwa vidole vya miguu.

Lusweti anafungua mdomo aseme ndiyo nyingine. Neno halitoki. Si kwamba amelikataa kwa ushujaa, asije mtu akampamba. Amechoka nalo. Amelisema miaka yote akijua, na sasa limeisha, basi.

Anaanguka mtoni.

Maji yanamfika mapajani tu. Mtoto hayupo. Viatu vimeshafika ng'ambo na havikugeuka kumtazama, vimeelekea moja kwa moja kwenye hema vikiuliza chakula kiko wapi. Kwa Lusweti kilikuwa kitendo cha kawaida. Hata yeye alivuka hivyo, tena si mara moja.

"Na mimi?" sauti inauliza nyuma yake.

Ni jiwe, liko palepale ukingoni lilipowekwa siku ya makofi, mbuzi juu.

"Wewe unataka nini?"

"Unibebe."

"Nimechoka."

"Hata mimi," linasema jiwe. "Aliyeliweka jiwe ndiye hulibeba likitaka kuhama. Ni kanuni."

"Kanuni ipi? Nazijua Kanuni za Kudumu, hiyo sijaiona."

"Ulikuwa umetuma viatu siku ilipopitishwa. Sogea. Mgongo wako uko tayari, niliuona tangu ulipoingia bungeni."

Lusweti anarudi ukingoni, anageuza mgongo. Jiwe linampanda. Ni zito mno, na mbuzi hakushuka.

"Hukuvua viatu," jiwe linasema wanapoingia majini.

"Nivulie wapi? Pa kuvulia viatu pako mgongoni mwangu."

Jiwe linafikiri kidogo, linakubali kwamba hilo ni kweli.

Wanakwenda. Maji yanaingia viatuni, mchanga nao unaingia. Lusweti anahema. Ng'ambo, Namalwa ametoka jikoni, ameketi ukingoni na ungo, anachagua mchele. Hamtazami. Anaokota kijiwe, anakitupa majini. Anaokota kingine. Lusweti anataka kumwita dada, lakini pumzi yote imekwenda kwenye kubeba.

Katikati ya mto, pale penye nguvu, jiwe linasema: "Hapa."

"Hapa wapi? Si nikufikishe?"

"Ng'ambo nitakuwa pa kukalia tena. Hapa mtu akiruka kutoka ukingo ule atanikanyaga, akiruka tena amefika. Mimi niliahidiwa kuwa daraja. Dogo, lakini daraja." Kisha linauliza, polepole: "Unanilaza vipi? Jina juu au jina chini?"

Lusweti anasimama pale na mzigo wake. Jina hilo limebanduliwa kwenye mlango wa ofisi. Limepakwa rangi juu yake kwenye basi la shule na kwenye ukuta wa choo cha soko. Limebaki mahali pamoja tu duniani ambapo linaanza na Mheshimiwa, na mahali penyewe ni mgongoni mwake. Aliyezoea kuona jina lake kwenye vitu haliachi kirahisi, na yeye alilipenda jina lake, alilipenda sana, pengine kuliko daraja na kuliko watu wa daraja.

"Likiwa juu," jiwe linamsaidia, "watalikanyaga, lakini watalisoma. Likiwa chini, hakuna atakayejua ni wewe."

Ng'ambo, mkono wa Namalwa umesimama juu ya mchele.

"Chini," Lusweti anasema.

"Una hakika?"

"Nimesema chini. Lala."

Jiwe linateremka kutoka mgongoni, linalala kifudifudi majini, linatikisika mara moja kisha linatulia. Mbuzi anahamisha miguu, anasimama upande wa juu, mkavu. Lusweti anasema, "Uko sawa?" Jiwe halijibu. Limekuwa jiwe.

Ndipo kutoka kwenye hema inasikika sauti ya Spika, mdomo umejaa pilau: "Aa, Mheshimiwa Lusweti. Unaweza kuinuka."

Akainuka. Na kwa kuinuka huko akaamka, ameketi wima kitandani, mgongo ukimuuma kutoka shingoni hadi kiunoni.

Kulikuwa kumekucha. Mkewe, Mama Brenda, alikuwa dirishani akifunga kanga, akamtazama kwa huruma iliyochanganyika na kuchoshwa, kama alivyomtazama mwaka mzima.

"Umesema ndiyo, ndiyo, usiku kucha," alimwambia. "Halafu ukasema lala. Ulikuwa unamlaza nani, Baba Brenda?"

Kabla hajajibu, simu ililia kwenye meza. Alilitazama jina kwenye kioo, akadhani hajaamka bado. Namalwa. Aliishika simu mkononi ikilia, akaogopa kuipokea, akaogopa isije ikakatika.

"Dada."

Namalwa hakusalimia. "Ulilala wapi jana?"

"Hapa kwangu. Muulize wifi yako."

Nyuma ya Namalwa zilisikika sauti za wanawake, na sufuria zikigongana.

"Kina mama wa kanisa wamekuja kunisaidia kupika," Namalwa alisema. "Wamefika mapema, viatu miguuni, vikavu, wamebeba sufuria kichwani. Nikawauliza mmepita wapi, mmezunguka na barabara ya lami? Wakasema hapana, tumepita mtoni, kuna jiwe pana katikati. Nikasema hapo hakuna jiwe. Wakasema lipo, na kuna mbuzi amesimama juu yake anakataa kushuka. Nimeenda mwenyewe kuona."

"Ehe."

"Mbuzi yuko. Na lile jiwe la ukingoni halipo, pamebaki shimo. Watu wanasema ni mto umelivuta. Mto unaweza kuvuta jiwe kwenda juu, kinyume na maji, Ignasio?"

Mama Brenda aliacha kufunga kanga.

"Juu yake halina maandishi," Namalwa aliendelea, na sauti yake ikaanza kukwaruza. "Nikasema basi siyo lile. Nikapitisha mkono chini yake, ndani ya maji. Mimi nimelifuta hilo jina miaka mingapi? Vidole vyangu vinalijua. Liko chini, limetazama mchanga."

Lusweti alilia. Hakulia mahakamani wala siku gari lilipochukuliwa, lakini sasa alilia na simu sikioni, bila kujificha, na dada yake alimwacha mpaka amalize, kama alivyokuwa akimwacha alipokuwa mdogo.

"Wageni wanafika adhuhuri," Namalwa alisema. "Kiti nimeshakiweka. Nilikiweka tangu jana, nikasema nitaona atakayekikalia. Usije na mheshimiwa yeyote, usipewe maikrofoni, uje ukae kama mjomba wa mtoto. Na usizunguke na lami. Pita wanapopita watu."

"Nakuja, Dada."

"Na umshushe huyo mbuzi."

Simu ikakatika. Lusweti aliteremsha miguu, akainama kutafuta viatu vyake chini ya kitanda, vile vyeusi vya suti ambavyo hakuwa amevivaa tangu siku ya hukumu. Alipovivuta, vilikuwa vizito. Maji ya udongo yalimwagika kutoka kimoja hadi sakafuni, na mchanga kidogo.

"Maskini, vimelowa!" Mama Brenda alisema. "Ngoja nikutolee vingine."

"Acha," alisema Lusweti, akavivaa hivyo hivyo.